Darubini ya kutazamia ndege: maswali ninayoulizwa kabla mtu hajatoa hela

Maswali haya nimeyakusanya njiani kupanda msitu wa Amani, mkoani Tanga, kwenye vibanda vya chai pale Muheza, na kwenye simu zinazoingia usiku wakati nimeshalala. Wanaouliza wengi ni vijana wanaojifunza kuongoza watalii, walimu wenye klabu za mazingira, na watu waliostaafu wakagundua kwamba shambani kwao kuna ndege wengi kuliko kuku. Wengine mnaiita bainokula, wengine darubini. Mimi nitasema darubini.

Ile "8x42" iliyoandikwa pale ina maana gani?

Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Kwa hiyo 8x42 humfanya ndege aliye mita 80 aonekane kama yuko mita 10, na mwanga unaingilia kwenye lenzi za milimita 42.

Kuna namba ya tatu ambayo haijaandikwa, nayo ndiyo ninayoipenda. Gawanya ya pili kwa ya kwanza: 42 kwa 8 ni 5.25. Hicho ni kipenyo, kwa milimita, cha kiduara cha mwanga kinachotokea upande wa macho. Ishike darubini kama sentimita 30 kutoka usoni, ielekeze mawinguni (siyo kwenye jua, kamwe), utaviona viduara viwili vyeupe vimeelea kwenye lenzi za nyuma.

Mboni ya jicho lako kwenye jua kali hufunguka milimita 2 au 3 tu. Ukiingia kwenye kivuli kizito, au jua likizama, inapanuka, na ya kijana gizani inaweza kufika 7. Kiduara cha darubini kikiwa kidogo kuliko mboni, unaona giza. Ndiyo maana ile 10x25 ya kutia mfukoni, yenye kiduara cha 2.5, ni nzuri ufukweni saa sita mchana, lakini ingia nayo chini ya miti ya Amani saa kumi na mbili na nusu asubuhi uone: kila ndege ni kunguru.

Mbona unasema 8 wakati dukani zipo za 20, 30, hata 60, tena kwa bei ndogo?

Hapa nina kovu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwaka wangu wa kwanza nilinunua darubini Dar es Salaam kwa muuzaji wa kutembeza. Imeandikwa 30x60, lenzi zake zinang'aa nyekundu kama macho ya njiwa, na ina jina la kampuni kubwa ambalo nina hakika kampuni yenyewe haikuwahi kulisikia likitumika hivyo. Nikajiona nimeokota dodo chini ya mwarobaini. Kufika nyumbani kila kitu kina rangi ya kijani, kingo zote zina ukungu, na kichwa kinauma baada ya dakika tano. Miezi baadaye mzee mmoja mtazamaji wa ndege aliichukua, akatoa rula mfukoni, akapima lenzi ya mbele: milimita 40. Akapima kile kiduara cha nyuma: milimita 5. Gawanya. Darubini yangu ya "30" ilikuwa ya 8 tangu siku ilipozaliwa, tena 8 mbovu.

Hesabu hiyo si ya maabara, ila ni ya kutosha kumnyamazisha muuzaji. Nenda na rula.

Sasa tuseme ni 20 ya kweli. Bado hukufai. Mkono wa binadamu hutetema, na darubini hukuza mtetemo kama inavyokuza ndege. Kwenye 8 wengi wetu tunatulia, kwenye 10 tunajikaza, na kwenye 20 bila mguu wa kusimamishia unaangalia tetemeko la ardhi. Halafu kuna upana wa kuona. 8x42 ya kawaida inakuonyesha upana wa mita 130 hivi kwa umbali wa mita 1,000, yaani mita sita na nusu za tawi kwa ndege aliye mita 50. Ukiongeza ukuzaji, dirisha hilo linafinyika, na chozi haendi kukungoja umtafute.

Na kuna mazigazi. Nenda Natron au Manyara kuangalia heroe. Ikifika saa nne asubuhi joto limeshaanza kucheza juu ya magadi, na hapo mwenye 8 na mwenye 20 wote wanaona maji ya waridi yanayotikisika. Ukuzaji haukati joto.

Basi, 8 au 10?

8, kama ndiyo ya kwanza na ndiyo pekee. Msituni 8 bila mjadala: ndege wako karibu, wanaruka, mwanga ni mdogo. Kama maisha yako yote ni mbugani au kwenye mabwawa, unaangalia tumbusi angani na bata ng'ambo ya maji, 10x42 ina hoja yake. Nawafahamu waongozaji wazuri wa kila upande na sijawahi kuona mmoja akimbadilisha mwenzake imani.

8x32 nayo usiidharau. Kiduara chake ni 4, ni nyepesi, na darubini nyepesi ndiyo inayokaa shingoni. Ile nzito hukaa kwenye begi, na begi hukaa garini.

Nina kiasi fulani tu. Nitapata nini?

Nitataja kwa dola za Marekani na kwa bei za kukadiria, maana shilingi zetu hazitulii.

Chini ya dola 50, usinunue mpya. Sina maneno mengine ya upole. Kiasi hicho kipeleke kwenye iliyotumika, soma mbele.

Kati ya dola 100 na 150 hivi ndipo darubini ya kweli inapoanza: Celestron Nature DX 8x42, Nikon Prostaff P3 8x42, na za aina hiyo. Zina prizimu, yaani vile vipande vya kioo vya ndani vinavyoigeuza picha isimame wima, za kioo kizuri kiitwacho BaK-4, na haziingii maji. Mwanafunzi wa uongozaji akinishika mkono aseme achague nini, namwambia moja kati ya hizi, halafu atumie zinazobaki kwa nauli ya kwenda kuona ndege.

Kati ya 200 na 300 kuna Vortex Diamondback HD na Nikon Monarch M5. Kwa mtu anayekula kwa macho yake, yaani mwongozaji anayelipwa kumtambua ndege kabla mgeni hajauliza, hapa ndipo kila shilingi inapofanya kazi kubwa zaidi. Baada ya hapo unalipa nyingi kwa nyongeza ndogo.

Zile za Swarovski, Leica na Zeiss za juu, ambazo mgeni anazivaa kwa dola 2,000 na zaidi, je, ni nzuri hivyo? Ndiyo. Alfajiri utaona rangi ya kifua wakati mwenzako bado anaona umbo. Lakini si nzuri mara kumi, na mwenye kumjua kurumbiza kwa sauti yake hampati kwa ajili ya kioo.

Mpya au iliyotumika?

Kama uko mbali na duka na huwezi kuikagua kwa mkono: mpya. Kama unaweza kuishika, kuikagua na kuikataa: iliyotumika, kila siku. Darubini haina kilomita. Kioo kilichotunzwa miaka 30 kinaona kama kilivyoona siku ya kwanza.

Kuna jambo moja la kitaalamu linalofaa kuligusa hapa kwa sababu linaokoa hela. Darubini ziko za maumbo mawili. Moja ni ile ya zamani yenye mabega, lenzi za mbele zimetengana kuliko za macho; hiyo inaitwa porro, kwa jina la Mwitaliano Ignazio Porro aliyeibuni katikati ya karne ya 19. Nyingine ni ya mirija miwili iliyonyooka, prizimu zake zina umbo la paa la nyumba. Ya mirija ni nyembamba, hubebeka vizuri na ni rahisi kuizuia maji. Ila prizimu ya paa huugawa mwanga sehemu mbili na kuurudisha ukiwa umepishana fezi, yaani mawimbi yake hayaendi pamoja tena, picha inapoteza ukali. Dawa yake ni tabaka maalumu juu ya prizimu, na Zeiss ndio walioanza kulitumia, mwaka 1988. Maana yake kwa mnunuzi: darubini ya mirija iliyonyooka ya kabla ya mwaka huo, hata iwe na jina zito namna gani, haina dawa hiyo. Ya mabega haihitaji dawa hiyo kabisa. Kwa hela ndogo, ya mabega iliyotumika humshinda ndugu yake wa mirija karibu kila mara.

Kasoro zake? Nyingi huingia maji na vumbi, ni pana mabegani, na hazipendi kuanguka.

Mzee wetu ameacha darubini ya Kirusi. Ina maana yoyote?

Ina maana sana, na usimpe mtoto achezee.

Zile 8x30 za Kisovieti zenye herufi БПЦ, au zilizoandikwa kuwa zimetengenezwa USSR, zimetapakaa pwani na bara. Ni nzito kidogo, zinatoa picha yenye umanjano kama chai ya rangi, lakini katikati ya picha ni kali kweli. Umanjano utausahau baada ya nusu saa, ila usibishane na mtu kuhusu rangi ya tumbo la kwera.

Ukikuta iliyoandikwa Carl Zeiss Jena, ya Ujerumani Mashariki, hasa Jenoptem au Deltrintem 8x30, tulia. Usionyeshe furaha usoni. Ikague kama nitakavyoeleza, na ikiwa safi, lipa.

Angalizo moja: baadhi ya za kijeshi na za baharini, kama 7x50 nyingi, hazina gurudumu la fokasi, lile la kuifanya picha iwe kali, katikati. Kila jicho linafokasiwa peke yake kwa kuzungusha lenzi yake. Kwa meli iliyo mbali sawa. Kwa ndege anayehama kutoka tawi hadi tawi ni adhabu.

Nikagueje iliyotumika?

Nenda mchana, na beba rula na tochi ya simu. Muuzaji akikuambia hakuna haja, hiyo ndiyo haja yenyewe.

Anza kwa mikono. Kunja na kukunjua bawaba ya katikati: itembee kwa uzito, isilegee kama mlango wa banda. Zungusha gurudumu la fokasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukisikia mchanga, kuna mchanga. Kwenye za mabega, bonyeza lenzi za macho kwa kidole, moja moja. Zikicheza juu na chini, fokasi itakukimbia kila unapoweka usoni. Itikise karibu na sikio. Kitu kikigonga ndani, irudishe.

Washa tochi upande wa mbele na uchungulie kwa mshazari kutoka nyuma, kisha geuza. Punje chache za vumbi si kesi, kila darubini ya zamani inazo. Unachotafuta ni nyuzi kama utando wa buibui: hiyo ni kuvu, na kuvu ikikaa hula tabaka la kioo, haifutiki ikaisha. Cha pili ni weupe uliosambaa kama mtu amepumulia ndani. Huo huwa ni mvuke wa grisi au unyevu, na unaua ukali wa picha kuliko mkwaruzo. Mkwaruzo mmoja mdogo kwenye lenzi ya mbele karibu hauonekani ukitazama. Kwenye lenzi ya macho unasumbua zaidi.

Rudi kwenye vile viduara. Viwe mviringo kamili na vilingane. Vikiwa na kingo za kijivu zilizokatwa kama mraba, prizimu ni za kioo cha bei ndogo. Kimoja kikiwa kimekatwa kama jicho la paka, prizimu imehama mahali pake.

Sasa jaribio kubwa kuliko yote, ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi. Tafuta mstari wa mlalo ulio mbali, mgongo wa paa la bati au waya wa umeme mita 200 mbele. Utazame kwa macho yote mawili mpaka uwe mkali. Halafu, bila kuacha kutazama, isogeze darubini polepole kutoka usoni, sentimita tano, kumi. Ule waya ubaki usawa mmoja kulia na kushoto. Ukivunjika kama ngazi, upande mmoja juu na mwingine chini, mirija haitazami mahali pamoja. Macho yako yanaweza kulazimisha picha ziungane kwa dakika kadhaa, ndiyo maana pale dukani hukugundua kitu. Kichwa kitakugundulia jioni.

Ya namna hiyo iache, hata kwa bei ya soda. Fundi wa kuinyoosha vizuri ni adimu, na yule wa "nipe tu nitajaribu" atakurudishia skrubu tatu zilizobaki.

Mwisho, tazama tawi jeusi lililo mbele ya anga jeupe. Mstari mwembamba wa zambarau pembeni ni kawaida kwa za bei ya kati. Ukiwa mnene kama wino, fikiri tena.

Na sasa habari njema: mpira wa machoni uliochanika, mkanda uliokatika, vifuniko vilivyopotea, ngozi iliyobanduka. Vyote hivi hushusha bei na wala havigusi picha. Taja kimoja kimoja, kwa masikitiko, muuzaji akisikia.

Nimenunua nzuri lakini naona picha mbili, au jicho moja lina ukungu.

Kabla hujailaumu, ulishaipanga kwa macho yako? Wengi hawajawahi.

Kwanza kunja au kunjua mirija mpaka uone duara moja, siyo mbili zilizopandana. Kisha funga jicho la kulia, tazama kibao chenye maandishi kilicho mbali kidogo kwa jicho la kushoto, na ufokasi kwa gurudumu la katikati. Sasa funga la kushoto, tazama kibao kilekile kwa la kulia, na usiguse gurudumu. Zungusha ile pete ndogo iliyo kwenye lenzi ya macho ya kulia mpaka maandishi yawe makali. Kumbuka alama ilipokaa. Baada ya hapo ni gurudumu tu, pete usiiguse tena mpaka mtu mwingine aiazime darubini yako.

Nimeshuhudia mwalimu akitaka kuuza darubini safi kwa nusu ya bei kwa sababu ya pete hiyo. Nilimwonyesha, nikakosa biashara.

Navaa miwani. Niivue?

Hapana. Vikombe vya machoni huzungushwa chini, au vikiwa vya mpira hukunjwa, ili miwani iguse. Cha kuuliza kabla ya kununua ni umbali ambao jicho linaweza kukaa nyuma ya lenzi na bado kuona duara zima: tafuta milimita 16 au zaidi. Za zamani nyingi, zikiwemo zile 8x30 nilizozisifu, ziko chini ya hapo, na mwenye miwani huona tundu tu. Samahani kwa kukupandisha kisha kukushusha.

Ninaishi pwani. Kuna la pekee?

Lipo, na linaitwa unyevu. Tanga, Mombasa, Unguja, Lindi, kote huko kuvu haihitaji mwaliko.

Kama unaweza, nunua isiyoingia maji iliyojazwa naitrojeni. Kuvu ndani yake ni nadra. Kama ni ya zamani, itoe kwenye kile kifuko chake kizuri cha ngozi na ukitundike ukutani kama pambo, maana ngozi hunyonya unyevu na kuutunza. Darubini iweke kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Vipakiti huchoka, vikaushe mara kwa mara au ubadilishe. Mchele usitie, unaacha unga. Ikilowa kwa mvua au kwa jasho, ikaushe mezani kwanza, ndipo uifungie.

Chumvi ya baharini ifutwe siku hiyohiyo.

Za kukuza kwa kubadilisha, 8 mpaka 24?

Hapana.

Na zile za lenzi nyekundu?

Wekundu huo ni mwanga mwekundu unaorudishwa nje badala ya kufika jichoni, ndiyo maana ukitazama unaona ukijani. Lenzi nzuri hutoa mng'ao hafifu wa kijani au zambarau, nao uwe hafifu mpaka uutafute. Herufi FMC kwenye darubini halisi zinamaanisha nyuso zote za vioo zimepakwa matabaka. Kwenye feki hazimaanishi kitu.

Mgeni ameniuliza aniletee zawadi gani kutoka kwao.

Usiseme "chochote". Ukisema chochote utaletewa fulana.

Wageni wa ndege wengi wana darubini ya pili nyumbani, iliyokaa kabatini tangu waliponunua bora zaidi. Mwambie wazi, kwa adabu: "Ukiwa na 8x42 usiyoitumia, nitaitumia kila siku." Nawajua waongozaji ambao kazi yao ilibadilika kwa sentensi hiyo. Ukipewa ya Vortex, uliza pia kuhusu dhamana yake: ya kwao ni ya maisha, humfuata mwenye nayo hata kama hakuinunua yeye, na hawadai risiti. Gharama ya kuituma ni jambo jingine.

Na kama una shangazi Leicester au binamu Muscat, mtumie jina kamili la aina unayoitaka, na picha. Maduka ya hisani ya Uingereza hupata darubini za wazee waliofariki, na nyingine ni za Jena nilizotaja. Mwambie binamu afanye jaribio la waya. Asipofanya, utafanya wewe akiwa amesharudi.

Nikiagiza mwenyewe kutoka nje?

Piga hesabu yote kabla ya kubonyeza. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18 Tanzania Bara na Uganda, 16 Kenya, na haikokotolewi kwa bei ya bidhaa peke yake. Usafirishaji nao umo, na ushuru na gharama za kuitoa huongezeka. Ile ya dola 130 inaweza kukufikia ikiwa na uzito wa ile ya dola 200. Mtu anayesafiri na moja shingoni bado ndiye njia ninayoipenda.

Ya mtoto?

Ya 6, kama 6x30, nyepesi, na inayokunjika vya kutosha kwa macho yaliyo karibu karibu. Jaribu kwenye uso wake, usijaribu kwenye wako. Za plastiki za dukani humfundisha kwamba ndege ni doa, na mtoto akishaamini hivyo kumrudisha ni kazi.

Simu yangu inakuza mara 30. Si inatosha?

Kwa kupiga picha ya ushahidi, inasaidia sana. Kwa kumfuata keremkerem anayewinda nyuki, jaribu uje unisimulie.

Na teleskopu?

Ni chombo cha ndege waliosimama mbali mahali peupe. Mida Creek, karibu na Watamu, maji yakitoka vitwitwi na sululu hukaa mbali kwenye tope, na hapo teleskopu ya 20 hadi 60 juu ya miguu mitatu inafungua dunia nyingine. Lakini ni ya pili. Hata mwenye teleskopu anamtafuta ndege kwa darubini kwanza.

Nisafisheje lenzi?

Kwanza puliza vumbi, kwa kipulizio cha mpira au brashi laini. Puliza kweli, maana chembe moja ya mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Ndipo uhemee kidogo na ufute kwa kitambaa laini cha miwani, kwa mizunguko. Si pindo la shati wala khanga, si karatasi ya chooni, na mate ni kwa ajili ya stempu.

Polisi au askari watanisumbua?

Porini na kijijini kinachokupata ni watoto kumi wanaotaka kuchungulia, wape zamu. Mjini usiinue darubini kuelekea kambi ya jeshi, bandari, uwanja wa ndege au makazi ya viongozi, hata mwewe akitua pale juu ya mlingoti. Mwache aende zake. Ukiwa karibu na makazi ya watu, salimu kwanza na useme unachotafuta. Darubini iliyoelekezwa dirishani kwa mtu haina maelezo mazuri.

Nitazijaribu wapi kabla ya kununua, huku kwetu hakuna duka?

Shingoni mwa watu. Nairobi, Nature Kenya, chama cha wapenda viumbe na mazingira, wamekuwa na matembezi ya ndege ya Jumatano asubuhi kwa miaka mingi, yanayoanzia makumbusho ya taifa, na utakuta pale darubini za kila umri na kila bei. Sehemu nyingine waulize waongozaji kwenye malango ya hifadhi saa za mapumziko. Mtazamaji wa ndege akiombwa kusifia darubini yake hakatai. Tazama kwa ya 8 na ya 10 ndege yuleyule, kwenye tawi lilelile, dakika tano kila moja. Na ukipita Amani, yangu ni ile ya mabega iliyobanduka ngozi upande wa kushoto. Haiuzwi, ila kutazamia ruhusa.